Mtego, Mbwa na Nyundo: Uhakiki wa Istilahi za Vipande Vidogo vya Mtambo wa Bunduki katika Mwambao wa Kaskazini wa Cabo Delgado

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna Kiswahili kinavyotaja vipande vidogo vya mtambo wa kufyatulia wa bunduki, kwa kuzingatia mahitaji ya mwambao wa kaskazini wa mkoa wa Cabo Delgado, Msumbiji. Hoja kuu ni kwamba msamiati uliopo una utajiri wa majina ya sehemu zinazoonekana kwa nje na ufukara wa majina ya vipande vya ndani, ilhali makosa ya kuunganisha upya hutokea ndani. Makala yanaonesha kwamba makosa hayo ni ya uhusiano baina ya kipande na kipande, hivyo orodha ya nomino zilizotafsiriwa moja moja haitoshi kuyaeleza. Kiswahili tayari kina mfumo wa dhana unaofaa kazi hiyo, yaani msamiati wa mtego: kutega, kunasa, kufyatua na kuachia. Makala yanalinganisha njia tatu za kuunda istilahi, yanagusia athari zake katika tafsiri ya sheria za udhibiti wa silaha, na yanatoa mapendekezo kwa vyombo vya lugha na vya usalama.

1.0 Utangulizi

Mtunza ghala la silaha anapoufungua mtambo wa bunduki ili kuusafisha, vitu vinavyobaki mezani ni vichache na baadhi yake vinafanana: pini mbili, kamani moja kubwa, kamani nyingine ndogo inayoweza kupotea kwenye mchanga, nyundo, kifyatulio, na kipande kimoja chembamba ambacho wengi hawana jina lake. Kuvitoa ni kazi ya muda mfupi. Kuvirudisha ndiko kunakoleta matatizo, kwa sababu bunduki yenye kipande kilichokaa vibaya hufungika vizuri kwa nje. Kifuniko hukaa na chemba hufunga, na anayeitazama huiona nzima. Kosa hujulikana pale kifyatulio kinapovutwa, na wakati huo huenda mtu amekwisha kuumia.

Kwa mtafiti wa lugha, tukio hilo lina swali lake. Mtunza ghala huyo akitaka kumweleza mwenzake kosa liko wapi, atatumia maneno gani? Akitakiwa kuandika katika daftari la ghala kwamba bunduki fulani haifai kutolewa, ataandika nini? Akiandika kwamba “springi ina matatizo”, msomaji hatajua ni ipi kati ya mbili. Akiandika kwamba “mtambo umeharibika”, amesema kitu ambacho kila mtu alikwisha kukijua.

Uhakiki huu umejengwa juu ya maandishi: msamiati uliohifadhiwa katika kamusi za Kiswahili tangu karne ya 19, fasili za kisheria za silaha, na muundo wa mtambo wenyewe kama unavyofahamika kwa mafundi. Lengo lake ni kupima kama lugha iliyopo inaweza kuibeba kazi hii, na pale isipoweza, kuonesha sababu.

2.0 Mwambao, Lugha Zake na Silaha Zake

Kati ya mto Ruvuma na ghuba ya Pemba, mwambao wa Cabo Delgado una lugha kadhaa zinazokutana katika soko moja na mara nyingi katika nyumba moja. Kimwani husemwa visiwani na pwani, kuanzia Ibo na Quissanga hadi Mocímboa da Praia. Kimakwe husemwa upande wa Palma. Kimakonde hushuka kutoka nyanda za juu za Mueda, na Kimakhuwa hupanda kutoka kusini. Kireno ni lugha rasmi ya nchi. Kiswahili huvuka Ruvuma kwa njia ya uvuvi, biashara, dini na ndoa.

Ukaribu wa Kimwani na Kiswahili umewashughulisha wanaisimu kwa muda mrefu. Nurse na Hinnebusch (1993) waliuangalia katika historia pana ya lugha za Kisabaki, na Schadeberg (1994) alikipa Kimwani nafasi ya lugha iliyo katika ukingo wa kusini wa Kiswahili. Devos (2008) aliandika sarufi kamili ya Kimakwe. Nchini Msumbiji, kituo cha NELIMO kilitoa ripoti yake kuhusu maandishi sanifu ya lugha za nchi hiyo mwaka 1989. Kwa mjadala wa sasa, jambo la kuzingatia katika kazi hizo ni hili: kufanana si kuwa kitu kimoja. Maelezo ya Kiswahili sanifu yanaweza kueleweka kwa ujumla wake mjini Mocímboa da Praia, na bado neno moja la kiufundi likampotosha msikilizaji. Katika mazungumzo ya sokoni upotofu huo hurekebishwa papo hapo. Katika maelekezo ya silaha unaweza kukosa nafasi ya kurekebishwa.

Silaha nazo zimeingia mwambao huu na bara lake kwa mawimbi, na kila wimbi lilikuja na lugha yake ya maelekezo. Tarehe 25 Novemba 1917, kikosi cha Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck, ambacho askari wake wengi walikuwa Waafrika waliozoea amri za Kiswahili, kilivuka Ruvuma na kuiteka kambi ya Wareno ya Ngomano. Askari hao walijipatia bunduki za Kireno badala ya zile walizozizoea. Tarehe 25 Septemba 1964, vita vya ukombozi vya FRELIMO vilianza kwa shambulio la Chai, ndani ya Cabo Delgado. Wapiganaji wake walipata mafunzo Tanzania, katika kambi kama Kongwa na Nachingwea, na silaha zao nyingi zilitoka nchi za kisoshalisti. FRELIMO ilikichagua Kireno kuwa lugha ya umoja wa taifa, na baada ya uhuru wa 1975 Kireno kikawa lugha ya nyaraka za dola.

Vita vilivyoanza kwa shambulio la Mocímboa da Praia la tarehe 5 Oktoba 2017 vimeongeza wimbi jingine. Kuanzia Julai 2021 vikosi vya Rwanda na vya Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC), vikiwamo vya Tanzania, vilifanya kazi mkoani humo pamoja na majeshi ya Msumbiji. Misheni ya SADC ilihitimishwa mwaka 2024. SADC ilikuwa imekwisha kukipitisha Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne katika mkutano wa wakuu wa nchi uliofanyika Dar es Salaam mwezi Agosti 2019. Kwa hiyo Kiswahili kina hadhi ya kisera katika eneo hili. Hadhi hiyo haijafika kwenye pini na kamani.

3.0 Tabaka za Msamiati wa Bunduki

Msamiati wa bunduki katika Kiswahili unasomeka kama historia ya biashara ya Bahari ya Hindi. Kutoka Kiarabu tulipata bunduki, baruti, risasi na kasiba, ambalo asili yake ni tete au bomba. Kutoka upande wa Uajemi ilikuja kamani, ambayo wengi waliifahamu zaidi kama kamani ya saa. Kireno kilitupa parafujo, jina la msumari wenye hesi ambao leo Waswahili wengi wa Tanzania na Kenya wanauita skrubu. Asili ya Kibantu ilitoa mtutu, mwanzi, kitako, nyundo na kitenzi shindilia. Gumegume, yaani jiwe la kutoa cheche, liliipa jina bunduki nzima iliyolitumia. Fataki kilikuwa kidude cha kuwashia baruti kabla maana yake haijahamia kwenye sherehe. Mdeki ulikuwa ufito wa kushindilia na kusafishia.

Ukiyapanga maneno hayo kwa mujibu wa mahali pa vitu vinavyotajwa, jambo moja hujitokeza. Karibu yote hutaja kinachoonwa au kushikwa na mtumiaji kutoka nje: bomba, kitako, jiwe, ufito, baruti. Vilivyomo ndani vimekusanywa katika neno moja, mtambo. Kamusi za awali zinaeleza mtambo kuwa chombo chochote chenye kitendo cha kukaza na kuachia, iwe saa, mtego au bunduki. Hilo lilitosha zama za gobori, kwa kuwa mwenye bunduki alipeleka mtambo mzima kwa mhunzi, na mhunzi hakuhitaji kumweleza mtu mwingine alichokifanya.

Kamusi za kisasa zimeongeza kifyatulio, lakini zimebaki katika mkondo uleule. Kifyatulio ni sehemu ya mtambo inayochomoza nje na kuguswa na kidole. Mara tu tunapopita ukuta wa chuma na kuingia ndani, kamusi ya jumla hunyamaza. Lawama hapa haimwangukii mwanakamusi mmoja. Kamusi ya jumla hufuata matumizi ya watu wengi, na watu wengi hawafungui mitambo ya bunduki. Lawama inaangukia dhana kwamba kamusi ya jumla inaweza kuwa msingi wa kutosha wa maelekezo ya kiufundi, na kwamba kazi iliyobaki ni kutafsiri maneno machache yaliyosalia.

4.0 Mtambo kama Mtego: Kasoro za Kuunganisha Upya

Ili kuona upungufu huo ulipo, inafaa kuuangalia mtambo mmoja kwa karibu. Mfano unaofaa ni bunduki za jamii ya Kalashnikov, ambazo sura yake imo katika bendera ya Msumbiji tangu mwaka 1983.

Katika mtambo huo nyundo huzunguka kwenye pini ya mbele, na kifyatulio huzunguka kwenye pini ya nyuma. Kamani kubwa, iliyosokotwa kwa nyuzi za chuma, huvikwa kwenye nyundo, na mikono yake miwili hunyooka kwenda nyuma na kulala juu ya kifyatulio. Kwa hiyo kamani moja hufanya kazi mbili: huisukuma nyundo mbele na hukirudisha kifyatulio mahali pake. Kifyatulio chenyewe kina kulabu zinazoinasa nyundo iliyotegwa. Pamoja nacho, kwenye pini ileile ya nyuma, hukaa kile kipande chembamba chenye kamani yake ndogo. Kazi yake ni kuinasa nyundo kwa mara ya pili, pale ambapo bunduki imejitega yenyewe baada ya mlio huku kidole kikiwa bado kimevuta. Kidole kinapolegea, kipande hicho huiachia nyundo, na kulabu za kifyatulio huipokea.

Kasoro za kuunganisha upya zinazofahamika zaidi ni nne. Ya kwanza ni mikono ya kamani kubwa kutolala juu ya kifyatulio. Hapo kifyatulio hulegea na hakirudi. Ya pili ni kamani ndogo kusahauliwa au kukaa upande. Hapo kunaswa kwa mara ya pili hakuaminiki tena. Ya tatu ni pini kupitishwa kwenye tundu lake bila kushikwa na waya unaoizuia. Pini hiyo hutembea polepole kwenda kando kadiri bunduki inavyotumika, na kwa sababu pini zote mbili zinafanana, fundi hawezi kutegemea umbo kujua ameikosea ipi. Ya nne ni wenzo wa usalama kurudishwa vibaya, ukaonekana uko mahali pake bila kukizuia kifyatulio.

Maelezo hayo ya kasoro yanategemea zaidi vitenzi kuliko nomino: kulala, kurudi, kunasa, kupokea, kuachia, kutembea, kulegea, kuzuia. Kila kasoro ni kitendo kilichokosa mahali pake, au kipande kilichokosa mwenzake. Hata fundi anayejua jina la kila kipande hawezi kuieleza kasoro ya kwanza kwa majina matupu. Atalazimika kusema mikono ya nini imelala wapi.

Hapa ndipo Kiswahili kinapokuwa na akiba ambayo waundaji wa istilahi hawajaitumia. Vitenzi vikuu vya mtambo wa bunduki ni vitenzi vya mtego. Mtego hutegwa, hunasa, hufyatuka. Kifyatulio ni nomino iliyotokana na kitenzi fyatua, ambacho hutumika kwa mtego kama kinavyotumika kwa bunduki. Mtambo nao ni jina la mtego kama lilivyo jina la mashine. Mtu wa mwambao aliyewahi kutega ndege au panya anajua kwamba mtego una kinachokazwa, kinachozuia kilichokazwa, na kinachoguswa ili kizuizi kiachie. Mpangilio huo ndio uliomo ndani ya bunduki. Mwanafunzi anayeelezwa kwa lugha hiyo huanzia kwenye jambo analolijua.

Hata upimaji wa usalama baada ya kuunganisha, unaofanywa bila risasi yoyote kuwa karibu, unaweza kusemwa kwa mfululizo wa vitenzi vya Kiswahili bila kukopa: tega, vuta, shikilia, tega tena, legeza, sikiliza. Msikilizaji anayeelewa kwamba neno tega la pili linahusu kunaswa kwa mara ya pili ameuelewa mtambo. Anayedhani ni marudio ya lile la kwanza hajauelewa.

5.0 Uhakiki wa Njia Tatu za Kuunda Istilahi

5.1 Tafsiri ya Nomino

Njia iliyozoeleka ni kuchukua orodha ya Kiingereza na kutafuta kisawe cha kila neno. Njia hii hufaulu kwa nyundo na hushindwa mara moja inapofika kwenye kinachoinasa nyundo. Jina lake la Kiingereza, sear, linaandikwa sawasawa na kitenzi cha kuunguza. Mfasiri anayetegemea kamusi ya kawaida ataishia kwenye moto. Kwa kipande cha kunasa mara ya pili, Kiingereza husema kwamba hutenganisha, na tafsiri ya moja kwa moja hutoa kitenganishi. Kimofolojia neno hilo halina kosa. Lakini anayetazama mezani haoni kitu kinachotenganisha, anaona kulabu inayonasa. Jina limebeba mtazamo wa mbunifu aliyefikiria mkondo wa nguvu kutoka kidole hadi nyundo. Fundi anayetafuta kasoro huhitaji jina linalosema kipande hicho kinapaswa kufanya nini mbele ya macho yake.

Lugha kubwa za ulimwengu hazijalikwepa tatizo hili. Katika Kifaransa cha mafundi, gâchette ni kinachonasa na détente ni kifyatulio, lakini katika Kifaransa cha kila siku gâchette imekuwa ndiyo kifyatulio. Katika Kirusi, kurok ni nyundo, na bado watu wengi husema wamevuta kurok wakimaanisha kifyatulio. Mkanganyiko huo una maana kwa Kiswahili pia. Msemaji wa Kiswahili wa mashariki mwa Kongo aliyepata istilahi zake kwa Kifaransa na msemaji wa Tanzania aliyezipata kwa Kiingereza wanaweza kutaja vipande viwili tofauti wakiamini wanazungumzia kimoja.

5.2 Mkopo wa Kireno

Kwa kuwa Kireno ni lugha ya nyaraka nchini Msumbiji, inaweza kupendekezwa kwamba istilahi zake zichukuliwe zilivyo. Pendekezo hilo lina nguvu yake. Historia ya parafujo inaonesha kwamba mwambao uliwahi kupokea jina la kipande kidogo cha chuma kutoka Kireno na kulifanya la Kiswahili. Msumbiji bado inasema parafuso. Usanifishaji uliolipa nafasi neno skrubu na kuiacha parafujo katika kurasa za kamusi umelikata daraja lililokuwapo tayari. Vivyo hivyo pini ya Kiswahili na pino ya Kireno zinaelewana kwa urahisi.

Hata hivyo mkopo wa jumla una mitego yake. Kireno huiita nyundo ya bunduki cão, yaani mbwa, na kifyatulio gatilho, neno lenye uhusiano na paka. Kwa Mreno taswira hizo zimekwisha kufa. Hakuna anayemwona mbwa. Zikitafsiriwa kwa Kiswahili zinafufuka na kuchekesha, na zikikopwa kwa sauti hazimwelezi mwanafunzi chochote. Tatizo kubwa zaidi ni neno la kamani, ambalo kwa Kireno ni mola. Katika jamii ya Waislamu wanaosema Kimwani na Kiswahili, Mola ni Mwenyezi Mungu. Upatanisho wa kisarufi unaweza kutofautisha mola imevunjika na Mola ametujalia, lakini mkufunzi atakayesimama mbele ya vijana wa Ibo na kutangaza kwamba mola imekatika atakuwa ameleta kicheko au kero kabla hajaleta maarifa. Mkopo hupimwa kwa masikio ya wanaoupokea, na hapa masikio yana sababu ya kuukataa.

5.3 Uundaji kwa Tendo

Njia ya tatu ni kuunda jina kutokana na kazi ya kipande, kwa kutumia violezo vya Kiswahili vilivyozoeleka. Kiolezo kilichotupa kifutio, kichujio na kifyatulio kinaweza kutupa kinasio kutokana na kitenzi nasa. Kulabu za kifyatulio zitaitwa kinasio cha kwanza, na kipande chembamba kitaitwa kinasio cha pili. Majina hayo mawili yanataja kazi pamoja na mfuatano wake, na yanamwezesha mtunza ghala kuandika katika daftari: “Kinasio cha pili hakinasi, kamani yake haimo.” Sentensi hiyo ina maneno saba na inatosha kumzuia mtu mwingine asiitoe bunduki hiyo.

Kamani nazo zipewe jina la kile zinachokihudumia: kamani ya nyundo na kamani ya kinasio. Pini zitajwe kwa mahali: pini ya mbele na pini ya nyuma. Ambapo vijana wamezoea springi kuliko kamani, springi ikubaliwe bila ugomvi, mradi iandamane na kibainishi chake. Hasara ya kukosa neno asilia ni ndogo kuliko hasara ya kukosa kibainishi.

Njia hii pia ina udhaifu. Kinasio kiko karibu na kinasa, ambacho kwa wengi ni chombo cha kurekodia sauti. Vitenzi vya mtego vya Kiswahili sanifu haviwezi kudhaniwa kuwa vina maana ileile katika Kimwani, Kimakwe au Kimakonde. Tena, bunduki za miundo mingine zina mpangilio tofauti: katika nyingi zenye komeo la kuvuta kwa mkono, kinasio ni kipande kinachojitegemea, si sehemu ya kifyatulio. Kwa hiyo istilahi ya tendo inapaswa kuambatana na mchoro wa silaha husika. Uzuri wake ni kwamba tendo la kunasa hubaki lilelile hata umbo linapobadilika, na ndiyo sababu linaweza kuvuka kutoka silaha moja hadi nyingine.

6.0 Kipande Kidogo mbele ya Sheria

Suala hili lina sura ya kisheria ambayo washauri wa sera hawawezi kuiacha kando. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2001 dhidi ya utengenezaji na biashara haramu ya silaha inaeleza sehemu za silaha kuwa ni kitu chochote, cha awali au cha kubadilishia, kilichobuniwa mahususi kwa silaha na kilicho muhimu kwa utendaji wake. Kisha inataja mifano: mtutu, fremu, komeo na mingine ya aina hiyo. Vipande vya mtambo wa kufyatulia havimo katika mifano hiyo. Vinaingia kwa mlango wa maneno ya jumla kuhusu umuhimu wa kiutendaji. Hapa tena sheria, kama kamusi, imeviona vikubwa na kuviacha vidogo vijitafutie nafasi.

Mfasiri wa Kiswahili atafanya nini? Neno la haraka ni vipuri. Lakini kipuri ni kitu cha kubadilishia, na itifaki inataja pia kilichomo tangu awali. Tafsiri inayosema vipuri peke yake inaipunguza sheria. Tafsiri salama zaidi ni “sehemu au kipuri”. Tofauti hiyo inaonekana ndogo hadi siku mtu atakapokamatwa na mfuko wa nyundo na vinasio vilivyotolewa katika bunduki zilizotupwa, na wakili wake akadai kwamba hivyo si vipuri.

Kwa Tanzania, swali hili limekwisha kufika mlangoni. Sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ilitungwa mwaka 2015, na marekebisho ya mwaka 2021 yakakifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki. Istilahi zitakazowekwa katika tafsiri za Dodoma zitavuka Ruvuma pamoja na askari, mawakili na nyaraka za ushirikiano wa mpakani. Zikivuka zikiwa na utata, utata huo utakuwa wa nchi mbili.

7.0 Hoja Pinzani

Hoja tatu zinaweza kutolewa dhidi ya msimamo huu. Ya kwanza ni kwamba mwanaisimu hapaswi kuirahisishia vita kazi yake. Hoja hiyo ni nzito katika mkoa ambao watu wake wamefukuzwa makwao. Lakini wanaopigana hawasubiri kamusi. Hujifunza kwa macho na mikono. Wanaohitaji neno lililoandikwa ni wale wanaopaswa kutoa maelezo kwa mtu asiyekuwapo: mtunza ghala, polisi anayepokea silaha iliyosalimishwa, msimamizi wa uteketezaji, hakimu. Msumbiji ina uzoefu wa kazi hiyo. Kuanzia mwaka 1995, mradi wa Baraza la Kikristo la Msumbiji wa kubadilisha silaha kwa majembe ulikusanya na kukatakata silaha za vita vya wenyewe kwa wenyewe, na vipande vyake vikawa sanaa ya wachongaji wa Maputo. Kukusanya kwa namna hiyo huhitaji kuhesabu, na kuhesabu huhitaji majina.

Hoja ya pili ni kwamba ufundi hufundishwa kwa mkono, kama wafua fedha wa Ibo wanavyorithishana kazi ya vipande vidogo bila kitabu. Ni kweli pale mkufunzi na mwanafunzi wanapokaa meza moja. Katika Cabo Delgado ya miaka ya karibuni, mkufunzi amekuwa wa muda, akitoka nchi nyingine na kuondoka misheni inapokwisha. Anayebaki hubaki na kumbukumbu, na kumbukumbu isiyo na majina hupotea haraka.

Hoja ya tatu ni kwamba Kireno kinatosha. Kinatosha kwa nyaraka za Maputo. Hakitoshi kwa kijana wa pwani ambaye lugha yake ya kwanza ni Kimwani na aliyeacha shule mapema. Jukumu la kutambua kwamba silaha iliyookotwa si salama humwangukia yeye kabla halijamwangukia afisa.

8.0 Hitimisho na Mapendekezo

Uhakiki huu umeonesha kwamba upungufu wa Kiswahili katika uwanja huu si upungufu wa maneno kwa ujumla. Maneno ya bunduki yapo kwa wingi na yana historia ndefu. Upungufu umo katika kiwango cha vipande vidogo, na umeendelezwa na desturi ya kutafsiri nomino bila kutazama kitendo. Kutokana na hayo, mapendekezo manne yanatolewa.

Kwanza, BAKITA, BAKIZA na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki zishirikiane na wataalamu wa Msumbiji kuandaa faharasa fupi iliyopangwa kwa vitendo: kutega, kunasa, kuachia, kurudisha, kushikilia, kuzuia. Chini ya kila kitendo kiwekwe kipande kinachokitenda na kasoro yake. Pili, faharasa hiyo iwe na safu za Kireno, Kimwani, Kimakwe, Kimakonde na Kimakhuwa, na kila safu ijazwe na wasemaji wenyewe badala ya kukisiwa kutoka Kiswahili. Tatu, katika tafsiri za sheria, “sehemu” na “kipuri” zitenganishwe, na vipande vya mtambo wa kufyatulia vitajwe kwa majina.

Nne, kila istilahi ipimwe kwa kusikilizwa kabla ya kuchapishwa. Fundi mmoja aelezwe kwa maneno matupu, akiwa ameupa kisogo mchoro, ni kipande gani kimekaa vibaya katika mtambo wa mafunzo usioweza kufyatua risasi. Akikigusa kipande kingine, istilahi irudishwe mezani. Kipimo hicho hakihitaji fedha nyingi, na kinaweza kufanyika Mtwara au Pemba kwa siku moja. Kikifanyika kwa uaminifu, huenda kikayaangusha baadhi ya majina yaliyopendekezwa katika makala haya, kikiwamo kinasio. Jina litakalopatikana kwa njia hiyo, kutoka kinywani mwa msemaji wa Kimwani au wa Kiswahili, ndilo linalostahili kuandikwa katika daftari la ghala.